Mama Queen Hacheki

Katika nyumba ile ya wapangaji pale Mabatini, kila mtu alikuwa na sifa yake. Odeta, muuza dagaa, alijulikana kwa mdomo. Mzee Shimba wa chumba cha mwisho alijulikana kwa redio. Tangu zije stesheni za watu binafsi hakuizima tena, hata chooni alikwenda nayo. Na Kokugonza, mke wa Pius, alijulikana kwa kutocheka.

"Nshomile yule," walisema wenzake bombani, kwa neno lile lile ambalo Wahaya hujisifia kwamba wao wamesoma. "Acheke na nani? Sisi saizi yake? Katoka Kamachumu, kicheko kakiacha kwao benki."

Kokugonza aliwasikia, akajaza ndoo yake, akaondoka. Hakukanusha hata mara moja. Sifa ya maringo alijifunika nayo kama shuka bovu: baridi linaingia, lakini angalau mtu amesitirika. Afadhali waseme anajidai kuliko wajue.

Wajue kwamba akicheka anaanguka.

Wala si kifafa, wala si kuzimia. Kicheko kilipompata barabara, taya lilimlegea kwanza, kisha shingo, kisha magoti yakamkana kabisa, akaporomoka chini. Na akili yote ipo. Macho yanafumba lakini masikio yanasikia kila neno, hata lile ambalo watu hulisema wakidhani husikii.

Maneno ya namna hiyo aliyasikia mara ya kwanza kwenye masomo ya jioni aliyokuwa akihudhuria. Alikuwa anarudi kwenye dawati lake kutoka ubaoni, mimba bado changa, na mwalimu Obedi alikuwa akiwaigiza wanasiasa wanavyosoma hotuba za Kiingereza walizoandikiwa na watu wengine. Darasa zima lilivunjika mbavu. Kokugonza akacheka nao, akaanguka katikati ya madawati kama gunia lililokatwa kamba. Akiwa pale sakafuni, hawezi kuinua hata ulimi, alisikia mtu akisema, "Mnuseni mdomo." Akasikia pumzi ya mtu karibu na pua yake. "Haunuki kitu." Na mwingine, "Gongo ya siku hizi haina harufu." Alipopata nguvu alikusanya madaftari, akaaga vizuri, asirudi tena. Nyumbani alimwambia Pius kwamba mimba inamsumbua.

Usingizi nao ulikuwa mwenzake wa kudumu. Ulimkuta akisonga ugali, ulimkuta kanisani amesimama. Huo Pius aliujua, akauita uchovu. Lakini habari ya kicheko hakumwambia, na hapo ndipo aibu ilipomkaa kooni kama mwiba wa samaki, maana Pius alikuwa amempata kwa maneno. Wengine huoa kwa ng'ombe, wengine kwa cheo. Pius, mpasua sangara wa kiwanda cha minofu, alioa kwa vichekesho, wakati ule Kokugonza angali anacheka akiwa amesimama. Kila jioni alirudi na kisa: mkaguzi wa Kizungu aliyeteleza kwenye utumbo wa samaki, msimamizi aliyemsalimia mnofu akidhani ni mkono wa mtu. Na kila jioni Kokugonza aliuma shavu kwa ndani, akatazama ukuta, akajilazimisha kuwaza jeneza la baba yake mpaka kisa kipite. Siku zikaenda, Pius akapunguza. Sasa alikula, akanawa, akaenda kukaa na redio ya Mzee Shimba. Kokugonza aliona, akajua ni yeye amemfukuza, akakosa pa kuanzia.

Pengine angekaa hivyo mpaka uzeeni, kama si kidole cha mwanawe Queen.

Ilikuwa mchana kweupe. Alikaa kwenye kigoda kibarazani akinyonyesha, jiko la mkaa likiwa pembeni na maharage juu yake. Usingizi haukubisha hodi. Alichoshtukia ni ukelele. Queen, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutambaa, alikuwa ameteleza mapajani, amefika jikoni, ameshika chuma. Odeta ndiye aliyekimbia na maji baridi, na Odeta ndiye aliyetafuta kitambaa cha kufunga. Na kwa kuwa dagaa wake wanavuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, kwao Pius, kila siku ya gulio, habari nazo zilivuka.

Jumapili iliyofuata, mara tu baada ya Misa, mama mkwe aliingia uani. Nyuma yake, ameshika mkongojo asioutegemea sana, alikuja Bibi Ng'washi, bibi yake Pius, mama wa baba yake, aliyekuwa hajawahi kumwona mke wa mjukuu wake zaidi ya siku ile ya harusi.

Kokugonza alipiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama mkwe hakukaa. Alimchukua Queen mkononi mwa Pius, akakitazama kile kitambaa, akamrudisha. "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Mama analala na mtoto jikoni. Wengine wanasema ni usingizi, wengine wanasema ni chupa. Mimi sikuja kuuliza ni kipi."

"Mama, tuzungumze kwanza," alisema Pius.

"Nimeshazungumza na kidole."

Kokugonza akamgeukia bibi. "Shikamoo bibi."

"Ya nini?" Bibi kizee alijifanya kushangaa. "Mke mwenza anapewa shikamoo? Wewe umeninyang'anya mume, halafu unaniamkia kama mjumbe wa nyumba kumi?"

Wapangaji waliokuwa wamekaa vibarazani wakacheka. Walijua mambo yanaelekea wapi. Kwa Wasukuma, bibi na mjukuu ni watani, na mke wa mjukuu huingia katika utani huo siku ile ile anayoingia nyumbani. Ni mke mwenza, hana budi kujibu. Asiyejibu amekataa kiti alichopewa.

Kokugonza alimpokea Queen kutoka kwa Pius, akauma shavu. "Karibu ukae, bibi."

"Nimekaa." Akaketi juu ya mkeka, akafungua kifurushi cha michembe, viazi vikavu vya kwao. "Nimemletea mume wetu. Naona umemkondesha. Unampikia nini, madaftari?"

Kicheko kikapita uani tena. Kokugonza alitazama mabati ya nyumba ya jirani.

"Hasemi kitu," Bibi Ng'washi aliwaambia wasikilizaji. "Basi niwasimulie ya kwao. Leo pale kivukoni Mhaya mmoja kaanguka majini. Watu wakamwambia, piga kelele basi uokolewe. Akanyamaza, anasubiri kwanza aulizwe kasoma chuo gani. Tukamtupia kamba. Akaishika, akaigeuza, akauliza: hii ni ya dukani au ya mtumba?"

Odeta aliangua kicheko akapiga paja. Hata mama mkwe midomo ilimcheza. Kokugonza alisikia mtekenyo ukipanda tumboni, akambana Queen kifuani, akawaza jeneza, akawaza udongo ukidondoka juu ya jeneza. Taya likatulia.

Bibi Ng'washi alikiweka chini kile kifurushi. Uso wake ulibadilika, ule mchezo ukamtoka machoni.

"Mtoto," alisema, na hakusema mke mwenza, "mimi nimewatania watu walio msibani, wakacheka na machozi yakiwatoka. Kunicheka si lazima. Lakini hata kunitukana umekataa. Anayeukataa utani wangu, ujue ameukataa ukoo wangu."

"Sijaukataa, bibi."

"Ila?"

Kokugonza alirekebisha kitambaa cha kidole cha Queen. Hata redio ilikuwa imepunguzwa ili watu wasikie. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Umeona sasa?" mama mkwe alimwambia Pius. "Fungasha nguo za mtoto. Kivuko cha jioni tunakiwahi."

Pius hakuinuka wala hakubisha. Alimtazama mkewe kama mtu anayengoja kusaidiwa kumtetea, na mkewe akainamisha kichwa.

Bibi Ng'washi hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu. Alisimama, akazungusha macho, akaona buti nyeupe za mpira ambazo Pius huvaa kiwandani, zimeanikwa ukutani. Akazitia miguuni. Zilimfika magotini. Akajitanda khanga kichwani kama bibi harusi, akauweka ule mkongojo kwapani kama mkoba.

"Basi kama huyu hanitaki, nami nadai zamu yangu," alitangaza. "Pius, baba, simama. Tunakwenda fungate Nansio. Nimeshavaa."

Akaanza kutembea kwa madaha, kidevu juu, hatua moja, hatua mbili. Katika ya tatu buti la kushoto likagoma. Likabaki limesimama wima katikati ya ua, na bibi akaendelea mbele na mguu mtupu, bado ananyanyua kidevu, asijue. Akafika mlangoni. Akahisi vumbi. Akatazama chini, akageuka, akalitazama lile buti lililosimama peke yake. Akarudi hadi lilipo, akaliinamia.

"Hata wewe?" aliliambia kwa uchungu kabisa. "Hata wewe umeambiwa na Wahaya usinifuate?"

Jeneza halikuja. Kokugonza alilitafuta, akaona buti. Taya likaanza kulegea, na shingo nyuma yake, na mtoto alikuwa mikononi. Hatua mbili tu kutoka pale alikuwa mama mkwe, hatimaye ameketi kwenye kigoda, na jiko lilikuwa ng'ambo ya pili. Akajisukuma, akamweka Queen mapajani mwa mama mkwe. "Mshike, mama," alisema, na maneno yakatoka yamelegea kama ya mlevi. Mama mkwe alimpokea mtoto akidhani amekabidhiwa kwa heri.

Halafu Kokugonza akacheka. Alicheka vicheko vya mwaka mzima alivyomeza, na magoti yakakatika, akalala chini mbele ya watu wote.

Kisha akamsikia Bibi Ng'washi.

"Amekufa," ilisema sauti ya kizee, imejaa furaha. "Mke mwenza wangu amekufa kwa wivu. Angalieni anavyojua kufa huyu. Na mimi nitaishi na nani? Ngoja nimfuate."

Akasikia mifupa mikavu ikijilaza mkekani kando yake, na kile kizee kikatulia kama maiti. Uani pakapasuka. Watu walicheka mpaka Mzee Shimba akakohoa. Na kila kicheko kilipotaka kumwachia, Kokugonza alisikia bibi akinong'ona, "Sogea, kaburi ni la wawili," na mwili ukayeyuka upya. Alicheka kwa ndani tu, bila uso, bila sauti, amelala kama tambara.

Nguvu zilirudi kidogo kidogo, kwanza vidoleni. Akaketi. Watu walikuwa wanapiga makofi.

"Kumbe Mama Queen ni mtani namna hii," alisema Odeta akifuta macho. "Alikuwa anatuvizia mwaka mzima."

"Mhaya wetu," alisema Mzee Shimba.

Bibi Ng'washi alikuwa bado amelala, anamtazama kwa mapenzi matupu. "Tangu niolewe," alisema, "hakuna aliyenijibu hivyo."

Mama mkwe naye alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Alisimama na mtoto, akamnyooshea. "Haya, chukua mtoto wako. Mtu anayeweza kucheza na watu hivi hajaharibika. Bahati mbaya humpata kila mtu. Tumekosea kusikiliza maneno ya gulioni."

Hivyo tu. Mtoto alikuwa anarudishwa, ukoo umempokea, na hakuna anayejua. Shuka jipya, tena zuri kuliko lile la kwanza: badala ya mwenye maringo, mtani. Kilichobaki ni kunyoosha mikono.

Akainyoosha. Queen akaegemea upande wake, na kile kidole chenye kitambaa kikamgusa shavuni. Kitambaa kilikuwa kimechafuka, kilihitaji kubadilishwa. Kesho angekaa naye tena pale pale, na jiko lile lile.

Akarudisha mikono mapajani.

"Sikuwa naigiza, mama."

"Nini?"

"Sikuigiza. Nikicheka naanguka. Hata mtoto nikiwa nimembeba." Alisema akitazama mkeka, kila neno likitoka kama jino. "Na usingizi unanikamata saa yoyote, sijui unapokuja. Pombe sijawahi kuonja. Nilikuwa sicheki ili msinione. Siku ya kidole nililala. Nililala kweli."

Odeta alikuta kitu cha kufanya na dagaa wake. Bibi Ng'washi aliinuka polepole, akavua buti lililobaki, akaliweka chini bila mzaha.

Pius alikuja akachuchumaa mbele ya mkewe. "Vile visa vyangu," alisema. "Ulikuwa unavisikia?"

"Vyote. Yule wa mnofu alinitesa siku nzima."

Pius alijipangusa uso kwa kiganja, akageukia ukuta.

Mama mkwe alikuwa amemrudisha mtoto kifuani. "Asante kwa kusema kweli," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Lakini sasa ndiyo siwezi kumwacha. Jioni hii anavuka na mimi."

"Leo hakuna anayevuka," alisema Bibi Ng'washi. "Kesho hospitali. Mganga wa kwetu atasema ni mimi nimemroga, na kwa leo naweza kuamini."

Daktari alikuwa Msukuma mwenye umri wa makamo, mtaratibu, jina lake Malimi. Aliwaacha waingie wote wanne na mtoto, akamsikiliza Kokugonza mpaka mwisho bila kuandika. Kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Je, ukilala tu, ndoto zinakuja papo hapo? Zinakuja. Je, unaamka wakati mwingine huwezi kusogea, na unaona mtu chumbani? Kokugonza alitazama chini. Hilo hakuwahi kumwambia hata padri.

"Hujarogwa, na hulewi," alisema daktari. "Ndani kabisa ya ubongo, chini katikati, kuna chembe hai chache zinazotengeneza kitu, protini fupi sana. Kazi yake ni kama mlinzi wa mlango. Inauambia ubongo: huu ni wakati wa kuwa macho, baki macho. Inahusika na njaa pia, na namna mwili unavyotumia nguvu zake. Mwaka jana tu, tisini na nane, ndipo wataalamu wameitambua. Wengine wanaiita oreksini."

"Na kwangu imefanyaje?"

"Sina kipimo cha kuniambia, nisikudanganye. Nadhani imepungua. Mlinzi asipokuwepo, usingizi na kuamka vinaingiliana. Mtu akiota, mwili unalegezwa ili asikimbie kitandani. Wewe unalegezwa ukiwa macho, na furaha ndiyo inayofungua mlango. Mwaka huu wamegundua chanzo cha jambo hili kwa mbwa. Kuna mbwa wa ukoo fulani, ukiwapa nyama nzuri wanafurahi, wanaanguka."

Mama mkwe alikaza uso. "Mkwe wangu unamfananisha na mbwa?"

"Mwache," alisema Bibi Ng'washi. "Mbwa anayelewa nyama ana heshima kuliko wanaume wengi ninaowajua."

Kokugonza aliona kicheko kinakuja, akashika meza. Shingo ililegea kidogo, kichwa kikamwinamia kifuani, na Pius, bila kuulizwa, akaweka mkono chini ya kidevu chake mpaka kikarudi. Daktari aliona yote. Hakuna aliyenusa mdomo wa mtu.

Alisema dawa za kupunguza kuanguka zipo, lakini kwa anayenyonyesha angependa kungoja. Kuponya kabisa hakuna, bado. Alale kidogo mchana kwa makusudi, asingoje kukamatwa. Anyonyeshe chini, juu ya mkeka, moto uwe mbali.

"Na mtoto?" aliuliza mama mkwe. Ndilo swali lililowaleta.

"Mtoto yuko salama na mama anayesema," alisema daktari. "Hatari yake ni mama anayeficha. Akisikia usingizi aseme, kwa yeyote aliye karibu. Kila mara. Hilo siwezi kumwandikia dawa."

Mama mkwe alimgeukia Kokugonza. "Utaweza? Wewe, na wale majirani zako?"

"Nitajaribu."

"Sikuulizi utajaribu."

"Nitasema, mama."

Walipofika njia panda ya kituo cha magari ya Kigongo, mama mkwe alisimama, akamfungua Queen mgongoni, akamfunga mgongoni mwa Pius kwa khanga yake mwenyewe. "Nikisikia tena kwa watu wa dagaa kabla sijasikia kwako," alimwambia Kokugonza, "nitavuka siku hiyo hiyo." Akaondoka na bibi, ambaye alikuwa tayari anamtania kondakta.

Kesho yake mchana, Pius yuko kiwandani, wanawake walikuwa bombani. Kokugonza alikuwa kwenye foleni na Queen mkononi alipohisi ule uzito nyuma ya macho. Zamani angeondoka, angejifungia ndani, angejaribu bahati yake. Wote walikuwa wanamtazama. Tangu Jumapili hawakujua wamwite nani. Uso ulimwaka moto, na ulimi ulikuwa mzito hata kabla ya usingizi.

"Odeta," alisema, "nisaidie mtoto. Nasikia usingizi."

Mmoja kati yao aliguna. Odeta alitua ndoo yake, akafuta mikono ya dagaa kwenye gauni, akampokea Queen.

"Wapi?" aliuliza.

"Hapa hapa."

Akaketi chini, mgongo ukutani, foleni ikampita. Alimsikia Odeta akisema, "Mwacheni, ndoo yake iwe ya pili, nyuma ya yangu," na zaidi ya hapo hakusikia.